Hayuko Chini ya Ule Mti

Ibra, Jumatano, baada ya Laasiri

Thuraya mwanangu,

Assalamu alaykum. Ukirudi kutoka Sur kwa shangazi yako utaikuta barua hii juu ya sanduku lako jekundu, na nnalijua neno lako la kwanza: "Baba, barua? Si ungetuma kwa simu tu!" Ningetuma. Lakini ya kwenye simu unayasoma huku unatafuna, na haya nnataka uyasome umekaa kitako. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu ni cha dukani na cha ofisini. Nikitaka kusema kitu kinachoniuma, ulimi unarudi wenyewe Unguja nilikozaliwa. Pasipokuelea, niulize. Nipo chumba cha pili, sijakwenda popote.

Mambo ya koti la baridi na dawa za tumbo ameshakwambia shangazi yako mara kumi, na ya kumi na moja bila shaka amekwambia leo. Mimi sina la kuongeza hapo. Nna jambo moja tu, nimelibeba miaka kumi na mbili, na kesho unaondoka.

Nimekudanganya kuhusu kaburi la mama yako.

Haya, nimeshaliandika. Sasa isome mpaka mwisho kabla hujanigongea mlango, maana nikikabiliwa uso kwa uso nitaanza kupayuka. Mimi nikibanwa napandisha sauti, unanijua.

Nianze na siku ile tuliyotoka Maskati kuchukua viza yako. Tulipofika makaburini hapa Ibra ulishusha dirisha kama kawaida yako, ukatazama kule kwenye ule mti wa ghaf, ukasema, "Assalamu alaykum, Mama. Viza yangu imetoka." Halafu ukanigeukia. "Baba, simama. Nataka kushuka. Nataka kumuaga Mama kwa miguu yangu, siyo kwa dirisha kila siku."

Nami nikakanyaga mafuta. Nikakwambia wanawake hawaingii makaburini. Wewe ukasema polepole, kwa adabu, "Lakini abla wetu, mwalimu wa dini, alisema iko khilafu, Baba. Wako maulamaa wanaruhusu." Nikakupigia ukelele, "Khalas, Thuraya!" Ukapandisha dirisha. Tulipofika nyumbani uliteremka ukanibebea na mfuko wangu, ukaniuliza kama nnataka chai. Ungenitukana ingekuwa nafuu.

Mwanangu, haikuwa dini. Khilafu ya maulamaa mimi siijui, na wallahi sikuifikiria hata dakika moja. Niliichukua dini nikaifanya pazia. Kama ningesimamisha gari ungeshuka, ungetembea mpaka pale, ungeniuliza, "Lipi, Baba?" Na mimi sijui lipi. Sijapata kulijua. Mimi mume wake, niliyelala naye mto mmoja miaka tisa, silijui kaburi la mke wangu.

Ili ufahamu imekuwaje, lazima nikupeleke kwanza huko huko unakokwenda. Uliponambia umepata nafasi ya kusomea uhandisi wa maji Guangzhou nilinyamaza, nawe ukadhani nnaogopa umbali. Ukanionesha kwenye ramani kwamba ndege ni moja tu, hulali njiani. Mimi sikunyamaza kwa ajili ya umbali. Nilinyamaza kwa sababu mara ya mwisho kutia mguu Guangzhou nilikuwa na mke, na nilipoondoka sikuwa naye.

Ulikuwa na miaka sita. Duka letu la marumaru za sakafu lilikuwa ndiyo kwanza linasimama, nami nilikuwa kama mtu aliyepandwa na pepo la biashara. Siku tatu kabla ya safari mama yako alikuwa akilalamika kichwa. Nakumbuka alikuwa jikoni anakanda unga, akaegemea ukuta, akasema, "Hamed, kichwa hiki leo siku ya tatu. Hebu iakhirishe safari kidogo. Wiki moja tu." Nikamwambia, "Asya, kontena halingojei kichwa. Kunywa vidonge ulale." Alicheka. Mama yako alikuwa hagombani na mimi, alikuwa ananicheka, na ndivyo alivyokuwa akinishinda siku zote. Siku ile hakunishinda. Nikaenda zangu.

Nilifika kiwanda cha marumaru huko Guangzhou mwanzoni mwa mwezi wa nne. Mlango umefungwa, mlinzi peke yake anakula karanga. Nikampigia wakala wangu, Bwana Chen, kijana mmoja mwembamba aliyekuwa akinitafsiria. Akanambia, "Bwana Hamed, kesho ni Chingming. Watu wote wamekwenda kwao kusafisha makaburi ya wazee." Basi hasira zikanipanda! Nikamfokea kwenye simu, "Makaburi? Kwani maiti wanakimbilia wapi? Si watakuwepo hata wiki ijayo!" Mwanangu, maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu, na nnayakumbuka herufi kwa herufi.

Chen hakukasirika. Alicheka akasema, "Basi njoo na sisi. Hotelini utakaa ufanye nini?" Kesho yake akanipitia na gari, mama yake kakaa mbele, bibi mfupi wa miaka sitini na kitu, na miguuni pake pana ndoo yenye panga, fagio, kopo la rangi nyekundu na machungwa. Nyuma ya gari, Mungu anisamehe, mlikuwa na nguruwe mzima wa kubanikwa, kafunikwa karatasi ya kung'ara kama bi harusi. Mimi nimebanana na mlango safari nzima nisije nikamgusa, na yule bibi ananitazama kwenye kioo anacheka mpaka machozi.

Makaburi yao yako mlimani. Kila kaburi limejengwa kama kiti kikubwa chenye mikono, limetazama bonde. Nilidhani nitaona kilio. Ah wapi! Watu wanapanda na watoto, wanaitana, mmoja kasahau kiberiti anagombezwa. Walipofika kwa babu yake Chen, kila mtu akashika kazi bila ya kuambiwa. Wanaume wakafyeka majani ya mwaka mzima, wanawake wakafagia, mama yake Chen akalifuta jiwe kwa kitambaa kibichi kama anayemfuta mtoto uso. Halafu Chen akapiga magoti na brashi ndogo akayapitia maandishi ya jina kwa rangi nyekundu, herufi moja moja, na kila akimaliza moja mtoto wake anaisoma kwa sauti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mvua inakula rangi. Tusipopaka kila mwaka, jina linaondoka."

Wakapanga vikombe vitatu vya chai na vitatu vya ulevi, kuku, machungwa, na yule nguruwe wangu. Wakawasha udi wao wa vijiti, wakachoma karatasi walizozifanya kama noti, ati zimfikie marehemu akatumie. Hayo nilikaa nayo mbali, nikageuza uso, si yetu. Lakini masikio sikuyaziba. Yule bibi alikuwa akisema na mkwewe kama mtu anayesema na jirani juu ya ukuta. Chen akanitafsiria: anamwambia nani kaoa, nani kazaa, nani kafeli mtihani, na kwamba leo tumekuletea na Mwarabu mmoja anayemwogopa nguruwe. Wote wakacheka, nami nikacheka.

Mwisho kabisa wakachukua karatasi nyembamba, nyeupe na nyekundu, wakaziweka juu ya kaburi na kuzigandamiza kwa jiwe zisipeperuke. Chen akanambia hiyo ndiyo alama. Mtu akipita mlimani akaona karatasi mpya, anajua huyu aliyelala hapa ana watu, wamekuja mwaka huu. Ikiwa hakuna karatasi miaka mingi, basi huyo hana mtu.

Pembeni yao palikuwa na kaburi moja limezama majanini, jiwe limepasuka, halina karatasi hata ya zamani. Tulipokuwa tunafunga vitu niliona yule bibi ameelekea kule peke yake na lile panga, anafyeka. Chen akamwita, akajibu bila ya kugeuka. Nikauliza, "Ni ndugu yenu?" Chen akasema, "Hapana. Hatumjui. Watu wake labda walihama. Mama kila mwaka anamwekea karatasi moja, asione haya mbele ya majirani." Yule bibi akaweka na chungwa, akashuka.

Pale ndipo Chen aliponiuliza, kwa nia njema tu, "Na wewe Bwana Hamed, makaburi ya wazee wako mwaka huu nani kayasafisha?" Nikamjibu kwa kiburi, "Sisi hatuna mambo hayo." Kweli hatuna mambo ya karatasi na nguruwe. Lakini hakuniuliza nguruwe. Mama yangu mzazi amelala Unguja, na sisi sote tulishaondoka zamani. Babu yangu yuko Nizwa, sijui upande gani. Familia ya Chen walikuwa wamelala mlima mmoja, sisi tumemwagika kama mchele. Nililijua hilo pale pale niliposimama, likanichoma kidogo, nikalipuuza nikamenya chungwa.

Simu yangu ilikuwa inachajiwa ndani ya gari. Tulipoteremka nikaikuta imepigwa mara kumi na moja, zote na mjomba wako Nassor, kaka yake mama yako. Nilipompigia hakunisalimia. Akasema, "Hamed, Asya katutoka." Ameanguka asubuhi jikoni, damu imevuja kichwani, hospitali wamefika naye hana pumzi. Nikamwambia, "Ningojeni." Akasema, "Unajua maiti hangojeshwi. Tunamzika baada ya Laasiri." Nikapiga ukelele, "Nassor, ningojeni nakwambia!" Yeye akalia, mimi nikalia, simu ikakatika. Yule bibi akanishika mkono. Hakujua neno moja la kunambia, alinishika tu mpaka mjini.

Nilifika hapa siku ya tatu, siku ya kuondoa matanga. Kaburi bila shaka limeshakauka. Wewe ulikuwa mapajani kwa shangazi yako Zuhura na peremende mkononi, ukaniuliza nimekuletea nini kutoka China. Nassor akanikumbatia mbele za watu, halafu akanivuta pembeni. "Twende nikakuoneshe tulipomlaza." Kisha akaongeza, na sidhani kama alikuwa na nia ya kunichoma, "Alikuwa akiuliza utarudi lini."

Hapo ndipo nilipokosea, Thuraya, na kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Nilisema, "Kesho."

Sikuwa na uso wa kusimama pale na Nassor pembeni yangu akijua kuwa dada yake aliomba wiki moja nami nikamnyima. Kesho yake nikasema Ijumaa. Ijumaa nikasema kichwa kinaniuma, fikiria, kichwa! Nassor akawa ananiuliza, halafu akawa ananitazama tu, halafu akaacha. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Wazee wetu wanasema ajizi nyumba ya njaa, na mimi nilikuwa nikidhani wanawasema wavivu wa shamba.

Kisha Nassor akafariki, ghafla, moyo. Siku ya kumzika niliingia makaburini kwa mara ya kwanza tangu mama yako afe. Nimesimama pale na watu wengine, na nusu yao walikuwepo siku ya Asya. Ningemgusa yeyote bega nikamuuliza, "Wapi?" asingenikatalia. Lakini hebu fikiri: mwanamme mzima, miaka miwili mjane, anauliza mke wangu mmemzika wapi? Walinidhania kila Ijumaa nakwenda. Nikameza swali langu nikarudi nyumbani. Siku ya kwanza swali hilo lingenigharimu haya ya dakika moja. Siku ile lilikuwa zito, na baada ya hapo kila mwaka likazidi, mpaka nikawa nalizunguka kama mtu anayemzunguka mbwa njiani.

Na makaburi yetu unayajua. Hakuna jina, hakuna rangi nyekundu, hakuna wa kuisoma herufi. Mwanamme mawe mawili, mwanamke mawe matatu, basi, na Mungu anawajua wote. Mimi utaratibu huo siutii ila, hapana. Ni mzuri, tajiri na maskini wote sawa. Lakini unamtaka mtu aje. Kwao jina liko kwenye jiwe, kwetu jina liko kwenye miguu ya anayekwenda. Asiyekwenda, keshapoteza.

Ukawa na miaka tisa. Tunapita na gari, mimi naendesha, wewe una kipande cha halwa mkononi. "Baba, Mama yuko wapi hapa?" Swali jepesi, la mtoto. Nikaona ule mti, nikanyoosha kidole. "Pale, chini ya ule mti." Ukasema, "Kivuli kizuri," ukashusha dirisha.

Kivuli kizuri! Tangu siku hiyo umekuwa ukimwamkia pale. Umemwambia meno yako yametoka, umemwambia umefaulu, umemwambia shangazi kavunjika mguu. Siku moja ulimshitakia mimi, ukidhani sisikii: "Mama, Baba haongei siku hizi." Mimi nimeshika usukani natazama mbele, na kila ukishusha dirisha nilikuwa nakufa kidogo. Mara nyingine nilikuwa nazungukia njia ya sokoni tusipite pale, nawe ukidhani nakwenda kununua samaki.

Usiku ule wa viza sikulala. Asubuhi nikampigia shangazi yako, nikamwambia yote, mtu wa kwanza kumwambia. Akasema, "Hamed, wewe ndugu yangu lakini u mwoga, na uwoga wako umeuvisha kanzu na kilemba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie mtoto kabla hajapanda ndege, au nitamwambia mimi." Nikamuuliza, atanisamehe? Akasema, "Hilo mimi sijui. Lakini asipojua, huko aliko atakuwa anamwomba nani radhi kwa kutomuaga mama yake?" Ndiyo maana amekwita Sur leo, anipe nafasi ya kuandika. Alikwambia nini? Kanga? Hana kanga yoyote ya kukupa, mwongo mkubwa. Au labda anazo, mwanamke yule hakosi.

Juzi, baada ya Alfajiri, nilikwenda. Nimeliacha gari barabarani nikaingia kwa miguu. Nilikwenda moja kwa moja chini ya mti, nilitaka angalau nipaone pale nilipokuonesha miaka yote hii. Mwanangu, chini ya ule mti hakuna mwanamke hata mmoja. Makaburi manne yapo, yote mawe mawili mawili. Ulikuwa ukimpa habari zako bwana mmoja tusiyemjua, na mtihani wa hesabu ukamweleza! Nilicheka, Thuraya. Nilicheka peke yangu makaburini kama mwehu, halafu nikakaa chini nikalia, maana nilijua mama yako angecheka vile vile. Yule bwana nimemwomba radhi, na nimemshukuru kwa kusikiliza.

Salim, yule anayechimba makaburi, alikuja na ndoo yake ya maji akanikuta nimekaa kwenye vumbi. Akaniuliza, "Unamtafuta nani?" Nikasema, "Mke wangu." Nikangoja acheke, au aniulize nilikuwa wapi. Hakuniuliza lolote ila mwaka. Nikamtajia mwaka, na mwezi wa nne. Akafikiri, akanambia wa mwaka ule waliwalaza upande wa ukuta, kule mfereji wa falaj unakopita nje, safu ya mwisho. Akanipeleka. Wanaume wako mwanzo, halafu wako wanawake wanne mfululizo, mawe matatu matatu. Akasema, "Mmojawapo katika hawa. Zaidi ya hapo sikudanganyi." Nikampa mkono, akaenda kwenye kazi yake.

Wanne. Nilisimama mbele yao nikiwa sijui nianzie wapi, ndipo alipokuja kichwani mwangu yule bibi wa kule mlimani, na panga lake, anamfyekea mtu asiyemjua asione haya mbele ya majirani. Basi nikaanza wa kwanza. Miiba ilikuwa mingi, na mifuko ya plastiki, na chupa za maji zilizopeperuka kutoka barabarani. Niling'oa kwa mikono, sikuwa na chombo, ndiyo hivi vidole vyangu unaviona vina plasta nawe uliniuliza nikasema ni boksi la marumaru. Huo ndio uwongo wangu wa mwisho kwako, inshallah. Jua lilipopanda nilikuwa nimemaliza wote wanne. Sikuweka karatasi wala kuchoma kitu. Niliwasalimia, nikawaombea, nikamwambia Asya yale niliyoshindwa kuja kumwambia siku ile, Nassor akiwa pembeni yangu. Nilimwambia kwamba lau siku zingerudi, wiki ile moja ningempa. Nilisema kwa sauti, na hao watatu wengine nadhani walisikia, basi wasikie.

Sasa wewe unakwenda. Mwezi wa nne ukifika utaona wenzako wa chuoni wanafunga mifuko kurudi kwao, na wako watakaokwita kama Chen alivyoniita mimi. Nenda. Ya ibada yao waachie wenyewe, wala hawatakulazimisha, ni watu wastaarabu. Lakini kung'oa majani si ibada ya mtu, na kubeba ndoo si dhambi. Washikie fagio. Nilipokuwa pale mimi nilisimama nimekunja mikono namenya chungwa, na nnajuta kwamba hata jani moja sikung'oa. Na ukiona kaburi lisilo na karatasi, mwombee tu aliyemo kwa moyo wako, au mng'olee hata kijiti kimoja. Utakuwa umenilipia.

Na likikutokea la kuuliza, uliza siku ile ile. Darasani, kwa daktari, kwa mwanamme atakayekutaka, popote. Waache wakucheke. Mimi nimeishi miaka kumi na mbili nikikwepa kicheko, na mpaka juzi hakuna aliyenicheka, isipokuwa mimi mwenyewe.

Nikwambie na hili, maana leo nimeamua kutoficha: nnauogopa upweke. Kesho kutwa nyumba hii itakuwa na mimi, friji, na yule paka wako asiyenipenda. Nimeshaanza kuusikia ukimya wa chumba chako leo tu, nawe uko Sur. Nilipika wali mchana, nikapakua sahani mbili. Lakini upweke wangu usiubebe kwenye sanduku, wewe una kilo ishirini na tatu tu za mzigo na shangazi yako kashakujazia. Mimi nitakuwa na pa kwenda. Ijumaa asubuhi nitakuwa kule ukutani. Miaka yote hii nilikuwa mjane asiye na mke hata wa kaburini, na sasa, Mungu ni mkubwa, nna wanne wa kuwatunza.

Unayo haki ya kukasirika. Ukitaka kupiga kelele piga, nitakaa kimya, mara moja hii nitakaa kimya. Ukitaka kunyamaza mpaka Maskati, nyamaza. Nitakuwa garini baada ya sala ya Alfajiri, mizigo nitaipakia mwenyewe. Ukiona huwezi, kaa kiti cha nyuma, nami nitafahamu na nitapita moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege, sitakulaumu hata siku moja.

Lakini ukikaa mbele, pale ubavuni kwangu ulipozoea, basi tukifika kwenye ule mti usishushe dirisha. Ngoja kidogo. Nitasimamisha gari mbele, kwenye ukuta, na tutashuka sote wawili, kwa miguu yetu. Nimekuwekea viatu vya kufunika vidole mlangoni, kuna miiba. Wako wanne, mwanangu. Waamkie wote shikamoo, na mama yako atakuwemo.

Baba yako,
Hamed